Maziwa Nagaa Hayatiwi Maji

Jumatatu, 8 Septemba

Shajara mpya. Ile ya zamani mchumba wangu Jecinta aliisoma. Hatuzungumzii jambo hilo.

Kwa faida ya wasomaji wa baadaye (watakuwapo!): mimi ni Lodio Ewesit, Afisa wa Mawasiliano na Uhusiano Mwema wa Ushirika wa Maziwa Nagaa, mjini Isiolo. Nagaa ni amani kwa Kiborana. Maziwa ni ya ngamia. Ofisi yangu ni ile meza iliyo kati ya friji kubwa na choo. Tangu Machi niko kwenye majaribio, na Ijumaa jioni kamati itaamua kama nitaajiriwa kwa kudumu au nitarudi kumsaidia mama kuuza kuni mtaani Kiwanjani.

Hilo neno "kudumu" si mchezo. Mzee Lomorukai wa Ngaremara, baba yake Jecinta, amesema wazee wangu wasikanyage kwake na habari za mahari kabla sijapata kazi ya kudumu. Alisema mkwe wa majaribio hamtaki. Mzee ana maneno machache, na yote yanauma.

Asubuhi mwenyekiti wetu, Mama Fahmo, aliniita. Akataka kujua nimefanya nini tangu Machi. Nikamletea gazeti. Tumetajwa gazetini! Akavaa miwani, akasoma, akasema hili ni tangazo la kifo. Nikakubali. Ni la kifo cha mjomba wangu. Nikamwomba asome mstari wa chini: "Marehemu alikuwa mjomba wa Lodio Ewesit wa Ushirika wa Maziwa Nagaa, maziwa safi, oda zote zinapokelewa." Mama Fahmo akavua miwani.

Akasema maziwa yanauzika. Wateja wanatupenda. Simu zote anajibu Abdikarim. "Sasa wewe kijana, hii kazi yako ni ya nini hasa?" Swali la kuudhi sana.

Abdikarim ni afisa wa mauzo. Anajipulizia uturi mpaka friji linanukia harusi. Ana wafuasi wengi TikTok kwa sababu ya ngamia mmoja anayetafuna mbele ya simu yake. Yeye ni wa kudumu. Nadhani hata ngamia ni wa kudumu.

Nimeliona tatizo. Mambo yetu ni mazuri kupita kiasi! Chuoni tulifundishwa kwamba afisa wa mawasiliano hung'ara wakati wa balaa. Sisi hatuna balaa. Nitang'araje?

Mchana, Mungu si Athumani. Nilikuwa hotelini nakula githeri, mahindi na maharagwe. Mzee mmoja meza ya jirani akanywa chai ya maziwa yetu, akapangusa mdomo, akasema leo chai ni nyepesi. Nyepesi! Maana yake maji! Huo si uvumi huo? Nalala na furaha kama mtoto wa sikukuu.

Jumanne, 9 Septemba

Uvumi haungojwi ukue. Hukanushwa mapema. Ukurasa wa kwanza wa masomo yangu.

Nimekodi Probox ya Mungania, Mmeru mwenye vipaza sauti viwili juu ya gari. Hutangaza vifo, mbuzi waliopotea na dawa ya panya. Vyote kwa sauti moja, ya msiba. Nikamwandikia: "Tangazo! Tangazo! Ushirika wa Maziwa Nagaa unawahakikishia wananchi kwamba maziwa yake hayatiwi maji. Puuzeni uvumi! Maziwa Nagaa hayatiwi maji!"

Tukaanzia mtaa wa Wabera. Akina mama wakatoka mbio na watoto mgongoni wakiuliza ni nani amekufa. Mungania akawaambia si mtu, ni maziwa. Wakauliza, uvumi gani? Hawakuwa wameusikia! Nikashuka garini nikawaeleza kirefu. Nikawaeleza jinsi maji yanavyoweza kutiwa, ni nani anaweza kuyatia, na kwa nini sisi hatuyatii. Mwenye duka mmoja akasema ameuza maziwa yetu miaka yote na hajawahi kuwaza habari ya maji. Sasa anawaza. Nikamshukuru kwa ushirikiano.

Kisha Kiwanjani. Mama yangu mzazi alisimama mlangoni na kikombe chake, akakitazama, akanitazama mimi, akamwaga.

Kufikia alasiri hakuna mtu Isiolo aliyekuwa hajasikia. Ufanisi mkubwa. Mungania amesema hata tangazo la kifo cha chifu halikusambaa hivi.

Jumatano, 10 Septemba

Balaa! Hatimaye!

Mitungi imerudi imejaa. Sokoni watu wanapima maziwa yetu kwa kuyadondosha juu ya kucha. Wengine wanayawashia kibiriti, sijui wanatafuta nini. Maziwa ya Eastleigh huenda na basi la usiku. Inaonekana uvumi nao ulipanda basi hilohilo, maana wateja wa Nairobi waliamka wakipiga simu. Abdikarim alijibu mpaka sauti ikakauka. Hakuwa na muda wa uturi. Nakiri hilo lilinifurahisha.

Mama Fahmo aliitisha mkutano wa dharura. Hajalala. Alisema ushirika huu ulianzishwa na wanawake waliokuwa wakiuza maziwa chini, juani, kando ya lami, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwaita wezi. Machozi yalimlengalenga. Kwa dakika moja sikutaka kuwa mle ndani. Nikafikiri ni githeri ya juzi.

Akauliza nani ameanzisha maneno haya. Nikasimama nikasema, kwa utulivu wa kitaalamu, kwamba tuna maadui. Abdikarim akasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikamkemea.

Mama Fahmo hakuwa amesikia lile tangazo la jana. Alikuwa msibani Garbatulla. Abdikarim naye alikuwa Nairobi, amerudi na basi la alfajiri. Nikaona si busara kuwachosha na mambo madogo ya utekelezaji.

Basi wakaunda kamati ndogo ya kumtafuta mwanzilishi wa uvumi. Mwenyekiti: mimi! Mama Fahmo amesema nikimpata kabla ya Ijumaa jioni, kazi ni yangu ya kudumu. Nimempigia Jecinta. Nikamwambia aanze kufikiria rangi za kitenge. Akauliza kama ni mimi niliyekuwa ndani ya Probox jana. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Alhamisi, 11 Septemba

Uchunguzi. Kazi ngumu.

Niliwahoji watu wengi Wabera. Kila mmoja niliyemuuliza alisikia wapi habari za maji alinijibu vilevile: kwako. Mashahidi hawa si wa kutegemewa. Nikaenda kwa Mungania. Akasema alipewa tangazo na kijana mmoja Mturkana, mrefu, mwenye koti la kubana na maneno mengi. Nikamuuliza kama anaweza kumtambua. Akaniuliza: "Chairman, unataka nijibu vile iko, ama vile unataka?"

Nimeandika ripoti ya awali. Inasema uvumi ulisambazwa na watu wasiojulikana wakitumia gari jeupe. Kila neno ni kweli.

Hata hivyo, ripoti haitarudisha wateja. Nina mpango mkubwa zaidi. Kesho asubuhi, kwenye uwanja karibu na soko, tutamkamua ngamia hadharani! Mtangazaji wa redio atakuwepo. Bango limeshachapwa, kubwa kama ukuta: HATUNA LA KUFICHA. Watu wataona maziwa yakitoka kwa ngamia mpaka kwenye kikombe, bila bomba popote. Mama Fahmo alisitasita, kisha akakubali. Alisema afadhali jambo moja la kuonekana kwa macho. Abdikarim akasema hii lazima itatrend. Kwa mara ya kwanza amenisifu. Sitamwamini.

Hirsi, mfugaji wetu na mwanachama wa zamani, ataleta ngamia wake mpole kabisa. Akasema atakuja na ndama. Nikamwambia ndama asije. Nimemwona ndama huyo. Ana mavi miguuni na hutingisha kichwa hovyo, picha zote zitaharibika. Hirsi akasema ngamia bila ndama wake hatoi kitu. Nikamwambia aniachie mimi mambo ya jukwaani. Akasema, "Lakini Lodio, wewe umechunga ngamia lini?"

Swali la kishamba. Nimezaliwa Kiwanjani, baba alikuwa dereva wa lori. Mifugo niliyowahi kuchunga ni kuku, na wawili waliliwa na mbwa. Lakini kuna watu wamezaliwa kuchunga na wengine wamezaliwa kuelekeza.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika mlango ukiwa umefungwa.

Umati ulikuwa mkubwa. Wanafunzi, wachuuzi, waendesha boda, wazee wa msikiti kabla ya swala, hata mama yangu alikuja, akasimama nyuma kabisa na kujifunika leso usoni. Upepo wa Septemba ulikuwa mkali, vumbi tele. Bango likafungwa kwa kamba mbele ya hema dogo. Nikahutubia. Nilitumia neno "uwazi" kila niliposhindwa kupata lingine.

Hirsi akamleta ngamia. Mnyama mzuri, kope ndefu. Hirsi akainua mguu mmoja, akaweka kibuyu juu ya paja kama wafugaji wanavyofanya, akaanza kukamua. Hakuna. Akabembeleza, akaimba. Hakuna. Ngamia aligeuza shingo huku na huku akitafuta ndama wake, kisha akatoa mlio wa huzuni uliofika mpaka msikitini.

Mtu mmoja akapaza sauti: kama ngamia hatoi maziwa, huwa mnatuuzia nini? Umati ukacheka kicheko kibaya. Mtangazaji wa redio alikuwa akieleza kila kitu moja kwa moja.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nyuma ya bango nilikuwa nimeficha mtungi wa maziwa ya Jumatano yaliyorudishwa. Mpango ulikuwa kuyamimina kwenye kibuyu wakati watu wanamtazama ngamia. Nikaingia nyuma. Nikafungua. Masikini! Yalikuwa yamechacha, yamegeuka suusa, mazito, hayamiminiki. Ningefanya nini? Nilikuwa na chupa yangu ya maji ya kunywa. Nikaongeza kidogo. Yakakataa. Nikaongeza yote.

Hapo ndipo upepo ulipolinyanyua bango.

Halikuanguka polepole. Lilipaa. HATUNA LA KUFICHA ikaenda zake juu ya vibanda vya soko, na nyuma yake nikabaki mimi, nimechuchumaa, chupa ya maji imeinamia mtungi. Abdikarim alikuwa mita chache tu na simu yake imeinuliwa. Nikafanya walichotufundisha chuoni. Nilitabasamu.

Mungania alikuwa hapo na Probox yake, maana ndiye aliyetukodishia vipaza sauti. Mama Fahmo akamwendea, akamuuliza kitu polepole. Mungania akamjibu. Nadhani safari hii alijibu vile iko.

Mama Fahmo akachukua maikrofoni. Akasalimu, salaam aleikum, na habari zenu. Akasema: "Huyu kijana ni wetu. Maneno ya maji ameyaanza yeye, na maji yenyewe ametia yeye, leo, mmemwona. Hiyo ni makosa yetu, sisi ndio tulimwandika kazi. Kuanzia saa hii si wetu tena. Maziwa mnayajua. Hirsi, kama ndama iko, lete."

Ndama alikuwako! Hirsi alikuwa amemfunga nyuma ya ukuta wa duka tangu alfajiri, bila idhini ya ofisi ya mawasiliano. Utovu wa nidhamu. Ndama akaja mbio na mavi yake, akanyonya kidogo, maziwa yakashuka kama mvua kwenye bati. Kibuyu kikajaa povu. Watu wakapanga foleni kuonja. Yule mwenye duka wa Wabera alikunywa vikombe viwili akasema hii ndiyo yenyewe, na ladha ya moshi wa kibuyu kilichofukizwa.

Hakuna aliyenipa hata kimoja.

Jumamosi, 13 Septemba

Mitungi yote imeisha kabla ya saa nne. Eastleigh wanataka zaidi ya kawaida. Video yangu imetazamwa kote kaskazini, na chini yake watu wanaandika kwamba ushirika unaosema ukweli namna hii hauwezi kutia maji. Mama Fahmo amehojiwa redioni.

Tutazame mambo kitaalamu. Nani aliyeleta umati? Mimi. Nani aliyempa Mama Fahmo jambo la kukiri? Mimi. Bila mkosaji, ukweli wake ungekaa wapi? Nimeandika haya kwa ufupi, kurasa kumi na moja, nikampelekea ofisini nikiomba kurudishwa. Abdikarim amepewa kazi yangu juu ya yake. Alikuwa ameketi kwenye meza yangu, kati ya friji na choo, na nikafurahi kuona kwamba uturi haushindi harufu ya pale. Alisema Mama Fahmo amezipokea kurasa. Wamezitumia kufungia mitungi isigongane kwenye basi.

Jioni Jecinta alikuja kutoka saluni anakofanya kazi, mikono bado inanuka mafuta ya nywele. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasema alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Akasema kazi si kitu, kazi hupotea na hupatikana. Baba yake hana TikTok, ana simu ya mulika mwizi tu, na habari hazijamfika. "Enda kwake umwambie wewe mwenyewe, na mdomo yako. Baba anaweza kusamehe mtu amefukuzwa. Mtu wa kumdanganya hawezi. Hata mimi siwezi tena, Lodio. Mara moja tu, sema kitu vile iko."

Nampenda huyu msichana. Nimeandika hapa, yatosha. Nikiwaza kumkosa, napata baridi na hili joto lote. Kesho nitamwambia mzee. Nimeapa.

Jumapili, 14 Septemba

Ngaremara. Nilifika watu wakitoka kanisani. Mzee Lomorukai alikuwa akitengeneza ua wa mbuzi. Akaweka panga chini, akakalia kigoda chake, akaanza habari kwa utaratibu wa wazee, moja baada ya nyingine. Nimeamka? Nimeamka. Mji? Mzima. Mama? Mzima. Kuni zinauzika? Zinauzika. Mvua? Hakuna. Barabara? Nzuri. Kule jikoni nilimwona Jecinta amesimama na sufuria, hapumui.

"Na kazi?"

Neno lilikuwa tayari. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima. Lilifika hapa kooni, likaona jua, likarudi. Nikasikia sauti yangu ikisema kazi iko, nzuri, ya kudumu.

Sufuria ikaanguka.

Mzee akafurahi. Akacheka, jambo ambalo sijawahi kuliona, ana meno machache lakini ya heshima. Akasema basi Jumamosi wazee waje. Akanionyesha mbuzi atakayechinjwa, dume jeusi lenye ndevu. Hata dume lilinitazama kana kwamba linajua.

Jecinta hakunisindikiza. Usiku umekuja ujumbe: "Kesho jioni mwisho. Umwambie wewe ama nimwambie mimi. Halafu hizo rangi za kitenge utavaa mwenyewe."

Jumatatu, 15 Septemba

Nimekesha nikitafakari. Nimegundua kosa langu la wiki iliyopita. Lilikuwa moja tu, nalo si lile wanalofikiri. Nilichelewa!

Watu wa Ngaremara huja mjini kila siku. Kesho, keshokutwa, mmoja ataona video, atarudi nyumbani, atamwambia mzee. Maneno yatamfika yakiwa yamechafuliwa na watu. Lazima yangu yatangulie. Nikitangulia, hata Jecinta akisema, atakuwa amechelewa, na mzee atakuwa tayari ameshasikia upande wangu. Ndiyo faida ya elimu.

Alfajiri nilikuwa kwa Mungania. Hakutaka. Nikambembeleza. Akasema atafanya kwa ajili ya urafiki, na kwa sababu hajawahi kutangaza kitu kama hiki tangu azaliwe. Nikamwandikia kwa herufi kubwa: "Tangazo! Tangazo! Wakazi wa Ngaremara, na hasa Mzee Lomorukai, mnahakikishiwa kwamba Lodio Ewesit hajafukuzwa kazi kwa kutia maji kwenye maziwa. Puuzeni uvumi! Lodio ni wa kudumu!"

Mungania akasoma mara mbili. Akauliza kama mzee ameshausikia uvumi wenyewe. Nikamwambia bado, na hapo ndipo penye utaalamu. Akatikisa kichwa, akawasha gari. Nimemwambia azunguke nyumba ya mzee mara tatu, taratibu, ili asikose neno hata moja.

Saa nne. Upepo unatoka upande wa kaskazini, na nikitega sikio nadhani nasikia vipaza sauti kwa mbali. Nimekaa nje na chai. Sijawa na amani hivi tangu Machi.

Simu inaita. Mzee Lomorukai mwenyewe! Hajawahi kunipigia, hata siku moja. Tangazo limefika.

Naiacha iite kidogo. Afisa wa mawasiliano hapokei mlio wa kwanza.